Lesotho: Nchi ndogo inayopimwa kwa urefu wa milima

MWEZI Machi mwaka 2025 Rais Donald Trump wa Marekani aliwaambia wabunge wa nchi yake kwamba Lesotho ni nchi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia. Baadhi yao waliangua kicheko. Huko Maseru, mji mkuu wa Lesotho, waziri wa mambo ya nje alisema maneno hayo ni matusi kwa taifa lake.

Pengine hata wewe, mpenzi msomaji, mwanao akikuuliza Lesotho iko wapi utaanza kukuna kichwa. Basi chukua ramani ya Afrika. Itazame Afrika Kusini. Ndani yake, upande wa mashariki, utaona kijinchi kilichozungukwa pande zote na jirani huyo mmoja, mfano wa kiini ndani ya yai. Ukubwa wake ni kilomita 30,355 za mraba, karibu sawa na Kaunti ya Kitui. Kenya yaweza kuimeza mara 19. Wakazi wake ni milioni mbili na kidogo.

Ukiona hivyo utadhani ni nchi ya kuzunguka kwa siku mbili na kurudi nyumbani. La hasha! Lesotho haipimwi kwa mapana bali kwa urefu wa kwenda juu. Ndiyo nchi pekee duniani ambayo yote iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mahali pake pa chini kabisa pana mita 1,400, yaani hata ukisimama hapo uko juu kuliko mkazi wa Kisumu. Kilomita 100 ambazo kwenye barabara ya Mombasa ungezimaliza kwa saa moja na ushei, huko zaweza kukulia nusu siku. Urefu huo ndio uliowaokoa wenyeji, ndio unaowapa utajiri, na ndio unaowatesa.

Leo tutakupitisha nchi hiyo kwa gari na hema, safari ya siku nane au tisa ambayo familia ya mjini yaweza kuifanya katika likizo ya Desemba.

Jinsi ya kufika

Tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka. Ndege kutoka Nairobi hadi Johannesburg huchukua kama saa nne. Hapo utakodi gari. Usikubali gari dogo la chini chini. Chukua lile la magurudumu yote manne kuvuta, kwani mwisho wa safari hii bila gari la aina hiyo askari wa mpakani hawatakuruhusu kupita. Mweleze mwenye gari mapema kwamba unakwenda Lesotho, akupe barua ya kukuruhusu kuvuka nalo. Beba pia vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na uulizie mapema masharti ya kuingia Lesotho yenyewe. Kwa bahati nzuri, huko huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu.

Kutoka Johannesburg hadi daraja la Maseru ni kama kilomita 400 za lami. Mpaka ni Mto Mohokare, ambao ng'ambo ya pili huitwa Caledon. Fedha ya Lesotho ni loti, zikiwa nyingi ni maloti, na loti moja ni sawa na randi moja. Randi hupokelewa kote Lesotho lakini maloti hayapokelewi Afrika Kusini, kwa hivyo yamalize kabla hujatoka.

Lugha nayo haitakusumbua sana. Mtu mmoja wa huko huitwa Mosotho, wengi ni Basotho, lugha yao ni Sesotho na nchi ni Lesotho. Je, husikii kwamba ni ndugu wa Mswahili, Waswahili na Kiswahili? Mtu ni motho, watu ni batho, nyama ni nama, maji ni metsi. Jambo moja tu usilisahau: huko mtu hapitwi kimya kimya. Ukimkuta mwanamume mwambie, "Lumela, ntate," yaani salamu, baba. Mwanamke mwambie, "Lumela, 'm'e," salamu, mama. Mtoto wako akishajua hayo mawili, milango mingi itafunguka mbele yake.

Mlima uliookoa taifa

Siku ya kwanza usikawie Maseru. Nunua vyakula, jaza tangi la petroli, kisha elekea mashariki mwendo mfupi hadi Thaba Bosiu. Jina hili maana yake ni mlima wa usiku. Ukiutazama kwa chini utaona kilima cha kawaida chenye kichwa bapa, kama meza. Panda na mwongoza wageni wa hapo, ndipo utakapoelewa.

Mwaka 1824, wakati vita na njaa vilipokuwa vikizifagia koo za kusini mwa Afrika, mtemi kijana aitwaye Moshoeshoe aliwaleta watu wake juu ya mlima huu. Juu kuna malisho na chemchemi. Kuta zake ni majabali, na njia za kupandia ni chache na nyembamba. Walinzi waliweza kumzuia adui kwa kuporomosha mawe tu. Wenyeji walieneza habari kwamba mlima huo hukua wakati wa usiku, ili adui anayekuja gizani asiumalize kuupanda. Makaburu walijaribu kuuteka mwaka 1865, na kamanda wao Louw Wepener akauawa mlimani hapo.

Husimuliwa pia kwamba wakati wa safari ya kuja Thaba Bosiu, babu yake Moshoeshoe aliyeitwa Peete alikamatwa na kuliwa na watu waliogeuka kula watu kwa sababu ya njaa. Watu hao walipokamatwa, askari walitaka kuwaua. Moshoeshoe akakataa, akisema kwamba hao ndio kaburi la babu yake, na kaburi la mzee halivunjwi. Akawapa ardhi walime. Simulizi hiyo wasimulie wanao mkiwa pale juu.

Hata hivyo mlima uliokoa watu, haukuokoa ardhi yote. Mashamba mazuri ya ng'ambo ya Mohokare yalichukuliwa na Makaburu. Mwaka 1868 Moshoeshoe aliomba ulinzi wa Waingereza, na mwaka 1870 akafariki na kuzikwa juu ya mlima wake. Wasotho wakabaki na milima, na uhuru wakaupata tarehe 4 Oktoba, 1966. Ukisimama kaburini utakiona kilima chenye ncha kiitwacho Qiloane. Wengi husema ndicho kilichotoa umbo la mokorotlo, kofia ya nyasi iliyo kwenye bendera yao tangu 2006.

Usiku wa kwanza piga hema Roma, mji mdogo ulio karibu. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Lesotho, kilichoanza mwaka 1945 kama chuo cha Kanisa Katoliki. Enzi za ubaguzi wa rangi vijana wengi weusi wa Afrika Kusini walisoma hapa. Mmoja wao ni Tito Mboweni, aliyekuja kuwa gavana wa kwanza mweusi wa benki kuu ya nchi yake.

Mahali pa moshi

Kutoka Roma barabara ya lami inapanda hadi Semonkong, yapata kilomita 120 kutoka Maseru. Miti hupungua, hewa huwa nyepesi, na nyumba za msonge zilizojengwa kwa mawe huanza kuonekana kwenye miteremko. Wapanda farasi watakupungia mkono. Hawa si watalii. Farasi wa Kisotho ni mdogo lakini hodari kwenye majabali, na katika vijiji visivyo na barabara ndiye teksi, ndiye pia gari la wagonjwa.

Utawaona pia wamejifunga mablanketi mazito ya sufu, hata mchana. Desturi hii ilishika tangu Moshoeshoe alipozawadiwa blanketi mwaka 1860. Mtoto huzaliwa akafunikwa blanketi, bibi harusi hupewa blanketi, mzee huzikwa na lake. Ajabu ni kwamba mablanketi yenyewe hufumwa Afrika Kusini.

Semonkong maana yake ni mahali pa moshi. Moshi huo ni mvuke wa maporomoko ya Maletsunyane, ambayo hushuka mita 192 kwa mruko mmoja. Maporomoko yetu ya Nyahururu yana mita 74, kwa hivyo hayo ni zaidi ya mara mbili na nusu. Desemba maji huwa mengi. Kodi farasi kijijini mwende hadi ukingoni, na watoto uwashike mkono, maana hakuna ua wala kamba ya kumzuia mtu.

Sasa tuje kwa hema. Palipo na kambi ya kulipia, lala hapo. Ukilazimika kulala kwingine, usichomeke kigingi hata kimoja kabla ya kumwona chifu. Kwa mujibu wa katiba ya Lesotho ardhi ni ya taifa, mfalme huishika kwa niaba ya watu, na machifu ndio mikono yake vijijini. Bonde unaloliona tupu, lenye majani mazuri, huenda ni leboella, yaani malisho yaliyofungwa ili majani yapate kukua kabla ya baridi. Mwenyeji akiingiza ng'ombe wake humo hutozwa faini. Wewe ukiingiza gari umeharibu chakula cha mifugo ya watu. Nenda kwa chifu, vua kofia, jitambulishe, sema mko wangapi na mtalala siku ngapi. Aghalabu utaonyeshwa mahali pazuri kuliko ulipopachagua, na hakuna atakayegusa mali yako.

Jioni ukipita kijijini utaona bendera ndogo juu ya miti mirefu. Hiyo ndiyo soko. Bendera nyeupe humaanisha kuna pombe ya mtama, ya manjano ni pombe ya mahindi, nyekundu ni nyama, na ya kijani ni mboga. Fuata rangi unayotaka. Utakaribishwa papa, ambayo si kitu kingine ila ugali, pamoja na moroho, ambayo ni mboga za majani. Watoto wa Nairobi hawatahitaji kufunzwa kula chakula hicho.

Utakutana pia na wavulana wachungaji, wengine wa umri wa darasa la tatu, wakiwa peke yao na kondoo mlimani. Elimu ya msingi ilianza kutolewa bure mwaka 2000, lakini mifugo haingoji kengele ya shule. Ndiyo sababu Lesotho ni miongoni mwa nchi chache za Afrika ambako wanawake wanaojua kusoma ni wengi kuliko wanaume. Usiwarushie peremende kutoka dirishani. Simama, wasalimie, mle pamoja mkate.

Maji yanayoondoka

Rudi Maseru, kisha shika njia ya kaskazini hadi Leribe. Kutoka hapo kata kulia upande mlima wa Mafika Lisiu, ambako barabara hufika mita 3,090. Ukiteremka upande wa pili utaona bonde refu lililojaa maji ya buluu. Hilo ni Bwawa la Katse.

Ukuta wake una urefu wa mita 185 kwenda juu na mita 710 kutoka ukingo hadi ukingo. Linachukua mita milioni 1,950 za ujazo. Ili upate picha, Bwawa la Ndakaini linalolisha Nairobi huchukua mita milioni 70. Katse ni kama Ndakaini 28. Lakini maji haya hayaendi Maseru. Yanaingia kwenye tundu lililochimbwa chini ya milima, kilomita 45, hadi 'Muela, ambako hutoa umeme, kisha huendelea chini ya ardhi hadi Afrika Kusini kunywesha Johannesburg na viwanda vyake.

Mkataba wa mradi huu ulitiwa sahihi mwaka 1986, na bwawa likazinduliwa mwaka 1998. Lesotho hulipwa kwa kila tone, na malipo hayo ni sehemu kubwa ya pato la serikali. Umeme nao umepatikana, na barabara nzuri uliyopitia ilijengwa kwa sababu ya bwawa. Haya ni mema, nayo yasemwe.

Walakini yako mengine. Vijiji, mashamba, malisho na makaburi viko chini ya maji hayo. Baadhi ya waliopoteza mashamba walilipwa fidia ya nafaka kila mwaka, na malalamiko juu ya fidia hayajaisha. Mwaka 2002 mkuu wa zamani wa mradi, Masupha Sole, alipatikana na hatia ya kupokea hongo. Mahakama za Lesotho hazikuishia kwake: zilizitia hatiani pia kampuni za Canada na Ujerumani zilizotoa hongo hizo. Mataifa mengi makubwa hayajathubutu kufanya hivyo.

Ukipiga kambi karibu na bwawa, alfajiri utawaona wanawake wakishuka na ndoo kutafuta maji ya chemchemi. Wakazi wa Murang'a, ambao maji ya Ndakaini huwapita yakielekea Nairobi, hawatahitaji kuelezwa zaidi. Wewe uliyezoea kufungua mfereji jikoni, hapa ndipo pa kumwonyesha mwanao kwamba maji hutoka mahali fulani, na mahali hapo pana watu.

Paa la nchi

Kutoka Katse rudi Leribe, uende Butha-Buthe. Karibu na hapo kuna Mbuga ya Ts'ehlanyane, bonde lenye msitu wa asili, jambo adimu katika nchi hii isiyo na miti. Lala siku mbili. Watoto wacheze mtoni, wewe upumzishe mgongo, maana kazi iko mbele.

Njia ya Mokhotlong hupanda kwa kona kali za Moteng, kisha Mahlasela penye mita 3,222. Mwezi wa Julai hapa huwa na theluji, na watu kutoka Afrika Kusini huja kuteleza juu yake. Mbele kidogo utaona uzio mrefu na vifusi vya mawe. Hapo ni Letseng, mgodi wa almasi ulio kwenye mita 3,100 hivi. Mwaka 1967 mwanamke aitwaye Ernestine Ramaboa aliokota hapa almasi ya karati 601. Husimuliwa kwamba yeye na mumewe walitembea siku nne milimani kuipeleka Maseru. Mwaka 2018 mgodi ulitoa nyingine ya karati 910, ikauzwa Ubelgiji kwa dola milioni 40.

Wanaume wa wilaya hizi kwa miaka mingi hawakuchimba kwao. Walikwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya 100,000. Siku hizi wamebaki wachache, na wengi waliorudi hawakupata kazi nyingine. Sasa wilaya ya Mokhotlong yenyewe inajengewa bwawa jingine, Polihali, ambalo ujenzi wake mkuu ulizinduliwa mwaka 2023 ili kuongeza maji ya Johannesburg.

Baada ya Mokhotlong utakipita kilele cha Thabana Ntlenyana, mita 3,482. Ukishavuka Tanzania kwenda kusini, hakuna mlima Afrika unaouzidi huu, ilhali jina lake maana yake ni kijilima kizuri. Ndivyo Wasotho walivyo, hawana majivuno. Kisha ardhi inakatika ghafla: uko Sani, kwenye mita 2,874, na chini yako barabara ya mawe imejikunja kama utumbo hadi Afrika Kusini. Fika mchana, kwani mpaka hufungwa jioni. Shuka kwa gea ya kwanza, usikanyage breki muda wote, na ukungu ukitanda simama ungoje. Ukifika chini, barabara kuu ya Durban itakurudisha Johannesburg.

Kabla ya kufunga mizigo

Desemba ni kiangazi huko, lakini usidanganyike. Mchana jua huchoma, alasiri radi hupiga, na usiku juu milimani baridi hukaribia ile ya kuganda. Kila mtu awe na fuko zito la kulalia, sweta mbili, kofia ya sufu na koti la mvua. Usipige hema juu ya mgongo wa mlima kwa sababu ya radi, wala ndani ya korongo kwa sababu ya mafuriko. Gesi ya jiko haipandishwi kwenye ndege, inunue Johannesburg.

Acha maharagwe nyumbani. Kwenye mita 3,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi 90 tu, na githeri utaichochea hadi usiku wa manane. Beba mchele, unga, mayai na nyama ya mkebe. Mbu wa malaria hakuna, lakini kichwa chaweza kuuma kwa sababu ya kimo. Kunywa maji mengi na usipande haraka. Usiendeshe usiku, kwani ng'ombe na farasi hawana taa. Kila siku piga hesabu ya kilomita 40 kwa saa, si 80.

La mwisho ni pesa zako. Maji ya Lesotho huenda ng'ambo, almasi huenda Ulaya, na vijana wake walikwenda migodini. Mgeni anayekuja na chakula chote kutoka Johannesburg na kuondoka bila kununua hata yai naye amejiunga na foleni hiyo. Kodi farasi wa mwanakijiji, mlipe mwongoza wageni bila kumpunja, nunua mkate kwa mama mwenye bendera. Kisha likizo ikiisha, watoto wako watakuwa na jibu la kumpa yeyote atakayesema nchi hiyo haijulikani.

Au kama wasemavyo wenyewe katika kaulimbiu ya taifa lao: Khotso, Pula, Nala. Amani, mvua, neema. Safari njema.